Kumwimba Luigi Tenco upya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanamuziki na wapenzi wa muziki waliokutana na nyimbo za Luigi Tenco, zikawagusa, na sasa wanataka kuzipiga wenyewe au kuwaelewa waliozipiga baada yake. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mazungumzo yanapofika kwake.

Luigi Tenco alikuwa nani?

Alikuwa mtunzi na mwimbaji wa Kiitaliano, mzaliwa wa Cassine, mji mdogo wa mkoa wa Alessandria kaskazini-magharibi mwa Italia. Alizaliwa tarehe 21 Machi 1938. Utoto wake wa mwanzo ulipita Ricaldone, kijiji cha mashamba ya mizabibu, kisha mwaka 1948 familia ikahamia Genova, mji wa bandari. Hapo ndipo muziki ulipomshika. Alipiga klarineti na saksafoni, na akiwa bado mwanafunzi alikuwa kwenye bendi ya jazi iliyojiita kwa jina la Jelly Roll Morton, mpiga piano wa jazi wa Marekani, mwenzake Bruno Lauzi akiwa kwenye banjo. Baadaye akapiga roki pamoja na Gino Paoli.

Ukiwachukua hao, ukawaongeza Umberto Bindi na Fabrizio De André, unapata kundi ambalo Waitaliano huliita shule ya Genova. Haikuwa na darasa wala mwalimu. Walikuwa vijana wa mji mmoja waliochoka na nyimbo za mapenzi zilizojaa maua na mbalamwezi, wakaamua kuimba kama watu wanavyozungumza. Tenco ndiye aliyelishika hilo kwa ukali kuliko wote.

Muda wake kwenye santuri ulikuwa mfupi, usiofika miaka kumi. Santuri yake kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1962, ya pili mwaka 1965, ya tatu mwaka 1966. Alifariki tarehe 27 Januari 1967 akiwa na umri wa miaka 28.

Rekodi zake zipo. Kwa nini mtu azirudie?

Kwa sababu nyimbo ni kubwa kuliko rekodi. Rekodi nyingi za Tenco zilivishwa nguo za wakati wake: nyuzi nzito za fidla, kwaya inayoitikia kwa nyuma, na urefu uliopimwa ili wimbo uingie kwenye upande mmoja wa santuri ndogo. Nguo zile zina uzuri wake, nami nazipenda, lakini chini yake kuna tungo nyembamba, iliyokauka, inayoweza kusimama na gitaa moja. Anayeimba upya anapata nafasi ya kutuonyesha hiyo.

Kuna sababu nyingine ambayo wanamuziki huiona haraka kuliko wasikilizaji. Tenco alitoka kwenye jazi. Jinsi anavyochelewesha maneno nyuma ya mdundo, jinsi anavyoacha sentensi ikae kimya kabla ya ile inayofuata, hayo ni mambo ya mpiga saksafoni. Soko la nyimbo za redio halikumpa nafasi ya kuyanyoosha. Waliokuja baadaye wameyanyoosha.

Nani wamewahi kumwimba?

Wengi mno. Nitataja wale ambao kwangu kila mmoja amefungua mlango wake.

Nicola Di Bari alitoa santuri nzima ya nyimbo za Tenco mwaka 1971. Huyu alikuwa mwimbaji wa kusini mwa Italia mwenye sauti ya kukwaruza, na mwaka uleule wa 1971 alikuwa mmoja wa washindi wa tamasha la Sanremo, shindano kubwa la nyimbo la Italia. Mwaka 1972 akashinda tena. Fikiria hilo: bingwa wa Sanremo anatumia jina lake kubwa kuwarudishia Waitaliano nyimbo za mtu ambaye Sanremo ilimtoa kwenye shindano. Sauti ya Di Bari haina ubaridi wa Tenco. Ina joto, ina vumbi. Wimbo uleule unabadilika kutoka mawazo ya kijana aliyekaa peke yake na kuwa maungamo ya mtu mzima.

Mina, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko zote katika pop ya Kiitaliano, naye aliimba nyimbo zake. Somo lake ni la nidhamu. Mtu mwenye uwezo wa kuufikisha wimbo popote anaamua kutokwenda huko.

Mwaka 1988 Steven Brown akatoa santuri ndogo aliyoiita *Brown Plays Tenco*. Brown ni Mmarekani, mmoja wa waanzilishi wa Tuxedomoon, kundi lililozaliwa San Francisco mwaka 1977 na kuhamia Ulaya baadaye. Muziki wa Tuxedomoon ni wa majaribio, wa vyombo vya umeme na fidla na saksafoni, mbali kabisa na pop ya Kiitaliano. Brown naye ni mpiga saksafoni. Hapo ndipo wawili hawa wanapokutana, na ndiyo maana santuri hii inanigusa sana: mgeni aliyekuja kwa Tenco kupitia pumzi, kabla ya kuja kupitia lugha.

Kwa upande wa jazi, mwimbaji Ada Montellanico amerudi kwa Tenco zaidi ya mara moja, akishirikiana na mpiga piano Enrico Pieranunzi. Kama unataka kusikia kodi za Tenco, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zikifunguliwa moja moja, anza na hawa.

Mike Patton, sauti ya kundi la roki la Marekani Faith No More, mwaka 2010 alitoa albamu *Mondo Cane*, ya nyimbo za Kiitaliano za miaka ya 1950 na 1960 akiwa na okestra. Patton aliwahi kuishi Bologna na akajifunza Kiitaliano. Miongoni mwa nyimbo hizo kuna "Quello che conta", muziki wa Ennio Morricone, ambao Tenco aliuimba kwa ajili ya *La cuccagna*, filamu ya mwaka 1962 ambamo mwenyewe aliigiza. Watu wanaomjua Patton kwa mayowe hushangaa anavyoutunza wimbo huu.

Francesco Baccini, ambaye naye ni mtu wa Genova, alitoa *Baccini canta Tenco* mwaka 2011. Na mwaka 2017, miaka 50 baada ya kifo, Tiziano Ferro alifungua tamasha la Sanremo kwa "Mi sono innamorato di te", kwenye mji uleule alikofia Tenco.

Je, huku si kukopi tu?

Hapana, na kwa Waitaliano hasa jibu hili lina historia. Tamasha la Sanremo lilianza mwaka 1951, na kwa miaka mingi kila wimbo ulioshindana ulipandishwa jukwaani na waimbaji wawili tofauti, kila mmoja na mpangilio wake wa ala. Shindano lilikuwa la wimbo. Mwaka 1958 "Nel blu dipinto di blu", ule ambao dunia inauita "Volare", uliimbwa na Domenico Modugno, na pia na Johnny Dorelli. Msikilizaji aliusikia wimbo mpya ukiwa na sura mbili tangu siku ulipozaliwa, akachagua, au akazipenda zote.

Kukopi ni kuifuata santuri hatua kwa hatua, hadi kikohozi. Kuimba upya ni kuuliza wimbo huu unataka nini ukipita kwenye koo langu. Wapenzi wa taarabu wanalijua jambo hili kutoka kwa Bi Kidude, aliyeibeba miaka na miaka nyimbo za Siti binti Saad, na hakuna aliyewahi kumsikia akadhani anamsikiliza Siti.

Dalida anaingiaje katika habari hii?

Dalida alizaliwa Cairo katika familia ya Kiitaliano, akapata umaarufu Ufaransa, na mwaka 1967 alikwenda Sanremo kuimba toleo la pili la "Ciao amore, ciao", wimbo wa Tenco. Kwa hiyo wimbo huu haukuwahi kuwa na mwimbaji mmoja. Ulianza na wawili.

Ni wimbo wa mtu anayeondoka kijijini. Unaanza na barabara ileile ya kila siku, nyeupe kama chumvi, ngano inayotakiwa kukua, mashamba yanayotakiwa kulimwa, na macho yanayotazama mbingu kujua kama leo ni mvua au jua. Kisha kuaga. Kisha mji wenye taa, ambako mtu anajiona si kitu. Ameruka miaka mia kwa siku moja, kutoka mikokoteni ya shambani hadi ndege angani, na haelewi chochote. Mwishoni hana hata senti ya nauli ya kurudi. Mtu yeyote aliyetoka kijijini kwao na begi moja kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Muscat hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kiitikio kinapanda juu, kinachangamka, na hapo ndipo wimbo unapowakwaza watu hadi leo. Waimbaji wengi wanaubeba kiitikio na kuzisahau beti. Dalida anaimba kwa nguvu ya mtu anayeagwa kwenye kituo cha treni, na kwake inakaa vizuri. Kama wewe huna sauti ya namna hiyo, punguza kasi ya kiitikio na uziache beti ziongoze. Utashangaa wimbo unavyogeuka.

Nimwimbe nikikumbuka kifo chake?

Usiku wa tarehe 26 Januari 1967 "Ciao amore, ciao" haukupita kwenda fainali. Saa chache baadaye Tenco alikutwa amekufa kwenye chumba chake cha hoteli, akiwa ameacha barua fupi ya kupinga uamuzi ule. Uchunguzi ulisema alijiua. Ulipofunguliwa tena na mwili kufukuliwa mwaka 2006, ulifikia hapohapo. Tamasha liliendelea.

Sasa jibu langu kwa mwimbaji: hapana. "Mi sono innamorato di te" ni ya mwaka 1962. Aliyeiimba alikuwa kijana wa miaka 24 aliyekuwa na santuri mpya mkononi. Ukiuimba kama wimbo wa mazishi unambebesha jambo ambalo wakati ule hakuwa nalo. Nimesikia matoleo mengi yaliyoharibika kwa njia hii, yenye mwangwi mzito na piano inayolia kila neno, hadi huwezi tena kusikia kwamba wimbo wenyewe una utani kidogo ndani yake.

Anayetaka kuomboleza ana nyimbo za kufanya hivyo. De André aliandika "Preghiera in gennaio" kwa ajili ya rafiki yake mwaka huohuo wa 1967, na Francesco De Gregori akaandika "Festival" katika miaka ya 1970. Waimbe hao. Nyimbo za Tenco ziache ziishi.

Na kama wewe unayesoma hapa umelemewa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu wa karibu leo, au fika hospitali. Usikae nayo peke yako.

Nianze na wimbo gani?

"Mi sono innamorato di te". Watakwambia umeimbwa mno. Ni kweli, na bado wengi wanakosea mstari wa kwanza.

Mtu anasema amempenda mwanamke kwa sababu hakuwa na la kufanya. Basi. Mchana alitaka mtu wa kukutana naye, usiku alitaka kitu cha kuota. Hayo si matangazo ya mapenzi, ni mtu anayekiri uvivu wake. Ukifungua kifua na kuupaza mstari ule kama kiapo, umeshaupoteza wimbo kabla ya kodi ya tatu. Uimbe kama unavyomweleza jirani kwa nini ulichelewa.

Kisha mambo yanageuka taratibu. Sasa ana mambo elfu ya kufanya, anaona ndoto zake zinafifia, na hawezi kufikiria kitu kingine isipokuwa yule mwanamke. Mwishoni mchana na usiku vinarudi: mchana anajuta kwamba walikutana, usiku anakwenda kumtafuta. Muziki wa mwisho ni uleule wa mwanzo. Usiubadilishe. Usipandishe ufunguo, usiongeze ngoma, usivute noti ya mwisho. Kazi yote imeshafanywa na maneno, na msikilizaji ataisikia yeye mwenyewe.

Zoezi ninalowapa waimbaji ni kuusema wimbo mzima bila muziki, kwa sauti ya mazungumzo, ukiwa unafanya shughuli nyingine, hata kuosha vyombo. Utajua mahali ambapo pumzi inaisha kwa kawaida. Pumua hapohapo unapoimba.

Mpangilio wa ala uweje?

Ondoa kabla ya kuongeza. Gitaa la nyuzi za nailoni au piano, besi, na ala moja ya upepo vinatosha kwa nyimbo nyingi. Ala ya upepo nasisitiza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sauti yake ya kwanza kabla hajaimba. Saksafoni ikiingia baada ya ubeti wa pili, ikarudia melodia bila mapambo, inafanya kazi ambayo fidla 20 hazifanyi.

Ukipenda okestra, jifunze kwa ndugu wawili wa Genova waliokuwa karibu naye, Gian Franco na Gian Piero Reverberi. Walifanya kazi na wengi wa kundi lile. Huenda unawajua bila kujua: wimbo "Crazy" wa Gnarls Barkley, uliotikisa dunia mwaka 2006, umejengwa juu ya kipande walichokitunga kwa ajili ya filamu ya kimagharibi ya Kiitaliano. Sikiliza jinsi nyuzi zao zinavyojua kusubiri.

Ufunguo nao una maana. Tenco aliimba chini, karibu na sauti yake ya kuzungumza. Tafuta mahali ambapo noti ya juu kabisa unaifikia bila kuinua kidevu.

Na zile nyimbo zake za kukosoa jamii? Mbona hazisikiki sana?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Watu wanaoimba Tenco huchagua zile tano au sita za mapenzi, na nusu nyingine ya mtu huyu inabaki kabatini.

Chukua "Cara maestra" ya mwaka 1962. Ina watu watatu. Wa kwanza ni mwalimu, aliyefundisha kwamba binadamu wote ni sawa. Lakini mkuu wa shule akiingia wanafunzi husimama, na mhudumu wa shule akiingia wanaruhusiwa kukaa. Wa pili ni padri, anayesema kanisa ni nyumba ya maskini. Mtoto anatazama dhahabu na marumaru za rangi na kujiuliza maskini atajionaje yuko nyumbani humo. Wa tatu ni meya, aliyekuwa akiwapigia watu kelele kwamba ni kushinda au kufa. Basi mbona hakushinda na wala hakufa, wakafa wengine kwa niaba yake?

Yote hayo kwa sauti ya upole ya mtoto anayeuliza swali darasani, bila tusi hata moja. Redio ya taifa ya Italia, RAI, haikuivumilia, na wimbo ulimletea Tenco matatizo makubwa ya kusikika. "Io sì" nayo ilikutana na mkasi wa wakaguzi, safari hii kwa sababu ya mapenzi yanayosemwa waziwazi mno kwa Italia ya wakati ule.

Hata "Ciao amore, ciao" ilianza na maneno mengine, ya kijana anayewatazama askari wakipita, kabla ya kuandikwa upya kwa ajili ya Sanremo. Maneno ya kwanza yapo na yanaweza kuimbwa.

Ombi langu kwa anayeandaa onyesho la nyimbo za Tenco: kwa kila wimbo wa mapenzi weka mmoja wa namna hii. Bila hivyo unawaletea watu nusu ya mtu.

Lazima nijue Kiitaliano?

Lazima ujue kila neno lina maana gani. Kuzungumza si lazima. Anayezungumza Kiswahili ana bahati, kwa kuwa irabu zetu safi zinakaribiana na zao na mdomo haupati tabu. Ugumu uko kwenye konsonanti zinazokaziwa: Mwitaliano hushikilia sauti kidogo kabla ya kuiachia, na kwenye wimbo wa taratibu ushikiliaji huo ni sehemu ya mdundo. Usiuruke. Lafudhi yako iache ilivyo.

Naweza kumwimba kwa Kiswahili?

Unaweza, na wakati wake lilikuwa jambo la kawaida. Dalida mwenyewe aliurekodi "Ciao amore, ciao" kwa Kifaransa pia. Utakachohangaika nacho ni miisho ya mistari. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, wakati Tenco mara nyingine humaliza mstari kwa silabi moja iliyokaziwa. Usilazimishe maneno yakazwe mwishoni yasivyokazwa, msikilizaji atacheka. Ni afadhali kuongeza noti moja fupi mwishoni mwa mstari, au kuanza mstari mapema kidogo. Na usitafsiri neno kwa neno. Kaa na hali ya wimbo, kisha iandike jinsi ambavyo mtu wa kwenu angeisema.

Hakimiliki je?

Nyimbo zake bado zinalindwa Italia na Umoja wa Ulaya, ambako ulinzi huenda miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Kwake ni hadi mwisho wa mwaka 2037, na kwa nyimbo alizoshirikiana na wengine ulinzi unaweza kwenda mbali zaidi. Shirika linalosimamia haki za watunzi Italia ni SIAE. Hapa kwetu uliza COSOTA ukiwa Tanzania, au KECOBO ukiwa Kenya, kabla ya kurekodi. Usitegemee sheria ya nchi moja, maana ukishaweka wimbo kwenye intaneti unasikika kila mahali. Kubadilisha maneno au kutafsiri kunahitaji kibali cha wenye haki, tofauti na kuupiga wimbo ulivyo. Anza mapema, majibu huchelewa.

Club Tenco ni nini?

Ni chama kilichoanzishwa Sanremo mwaka 1972 na Amilcare Rambaldi, mfanyabiashara wa maua, ili nyimbo za watunzi-waimbaji zipate heshima katika mji uleule. Tangu mwaka 1974 huandaa tamasha lake la kila mwaka na kutoa tuzo, ambazo wamezipata pia wageni kama Leonard Cohen, Joni Mitchell na Tom Waits. Kuna tuzo maalumu kwa anayeimba nyimbo za wengine, jambo ambalo linanifurahisha sana: kuimba upya kunahesabiwa kuwa sanaa kamili. Na wageni wa tamasha lile wamekuwa na desturi ya kuimba "Lontano lontano", wimbo wake wa mwaka 1966 kuhusu kukumbukwa na mtu siku za mbali sana, kwa sababu ya kitu kidogo machoni mwa mtu mwingine.

Nisikilize nini kwanza?

Santuri ya mwaka 1962, yote, kwa mpangilio wake. Kisha ile ya 1966. Baada ya hapo Di Bari, halafu Montellanico na Pieranunzi, halafu Brown. Ukianza na matoleo mapya utadhani Tenco alikuwa na huzuni ya okestra. Ukianza naye utasikia kijana mkavu, mwenye akili, anayekasirika kwa utulivu.

Nimeombwa kuimba "Vedrai, vedrai" harusini. Vipi?

Usiimbe. Najua melodia yake ni tamu na jina lake linaahidi kwamba utaona, mambo yatakuwa mazuri. Lakini mwanamume wa wimbo huu anarudi nyumbani jioni akiwa ameshindwa tena, hataki kuzungumza, anamwona mwenzake akimtazama kwa macho yale, na anachomwahidi ni kwamba ipo siku mambo yatabadilika, hajui lini. Wapo Waitaliano wengi waliokulia katika nyumba yenye wimbo huo, na hawataushangilia ukumbini.

Waimbie "Ho capito che ti amo" ya mwaka 1964. Mtu anagundua kwamba anapenda kwa sababu mwenzake amechelewa kidogo tu kufika, na ule ubaridi wote aliojivunia ukayeyuka. Akaogopa hatakuja kabisa. Ipige kwa gitaa, polepole, na umwombe mpiga ngoma apumzike.